Umeshajua anachotaka Mungu, unangoja nini?

Wiki hii dada mmoja ameniandikia ujumbe mrefu. Kwa muda sasa anasukumwa moyoni aanzishe ibada ya jioni nyumbani, yeye na watoto wake, lakini anangoja mambo yatulie kwanza. Anauliza atajuaje kwamba wakati wa Bwana umefika.

Dada yangu, kwa jambo hilo wakati ulishafika zamani. Kumbukumbu la Torati 6:7 inakuagiza uwafundishe watoto wako maneno ya Mungu uketipo nyumbani mwako, utembeapo njiani, ulalapo na uondokapo. Amri iliyokwisha kuandikwa haihitaji ndoto wala nabii wa kuithibitisha.

Naandika kwa moto kidogo kwa sababu jambo hili limenipitia hivi karibuni. Kuna ndugu tuliyeimba naye kwaya moja miaka mingi. Alinisema vibaya mbele ya wanakwaya wenzetu, maneno ambayo mpaka leo yakinijia nasikia uchungu, kisha akaacha kuja ibadani. Jumapili moja nilikuwa nimeshavaa joho, tunapasha sauti, nikafungua Biblia nikakutana na Mathayo 5:23-24: ukikumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende ukapatane naye kwanza. Nilikuwa naijua aya hiyo kwa kichwa. Siku ile ilinisimamia mbele kama askari. Nikavua joho, nikamwambia mwalimu wa kwaya nitarudi, nikaondoka.

Nilimkuta anapiga pasi shati la mwanawe. Hakunikaribisha kuketi. Nilisema niliyotumwa kusema: nimekusamehe, na kama nami nimekukwaza naomba unisamehe. Akabaki ameishika ile pasi hewani, hasemi, mpaka mtoto akamwambia, "Baba, itaungua." Tukacheka wote wawili, kisha tukaomba. Hakuniomba radhi siku ile, na hajaniomba mpaka leo. Lakini amerudi kanisani, na Jumapili iliyopita tulisimama safu moja kwenye kwaya.

Wapo wazee walioninung'unikia kwamba nilitoroka huduma, kwamba ningesubiri ibada iishe au kamati ikae. Iliniuma, sifichi. Lakini namshukuru Mungu sikusubiri, maana najijua: jioni ile ningekuwa nimeshapata sababu tatu za kutokwenda.

Mtazame Ibrahimu katika Mwanzo 22. Ameagizwa jambo zito kuliko yote aliyowahi kuagizwa, lakini anaondoka alfajiri. Tajiri mwenye watumwa wengi anatandika punda wake na kuchanja kuni. Hakuna palipoandikwa kwamba aliitisha kikao na Sara. Halafu mtazame Farao, nchi yake imejaa vyura, hadi kwenye vitanda na vyombo vya kukandia unga. Musa anamwuliza anataka vyura waondolewe lini, naye anajibu, "Kesho." Angeweza kusema sasa hivi! Akachagua kulala na vyura usiku mmoja zaidi. Ndivyo tunavyofanya na dhambi tunazosema tutaziacha mwaka mpya ukianza.

Anayenitisha zaidi ni Feliki, yule liwali wa Matendo 24. Paulo alimweleza habari za haki, na kuwa na kiasi, na hukumu itakayokuja, mpaka akaingiwa na hofu. Neno lilikuwa limemchoma. Akasema, "Sasa enenda zako, nami nikipata nafasi nitakuita." Na kweli alimwita tena mara nyingi, lakini huku akitumaini kupewa fedha. Miaka 2 ikapita, Feliki akaondoka madarakani, akamwacha Paulo kifungoni. Hatusomi kwamba alitetemeka tena.

Mtu ataniambia, mbona mfalme Sauli aliharakisha akakataliwa? Ni kweli, katika 1 Samweli 13 alitoa sadaka kabla Samweli hajafika. Lakini Sauli alikuwa ameagizwa kungoja. Kutii kwake kungekuwa kukaa palepale Gilgali hata watu wote wamtoroke. Kwa hiyo ukiambiwa ngoja, ngoja kwa bidii. Ukiambiwa nenda, nenda leo.

Na usitafute washauri wengi kwa jambo lililo wazi. Paulo anasema katika Wagalatia 1:16 kwamba hakufanya shauri na watu wenye mwili na damu. Wapendwa wengi wamezimwa moto na marafiki wenye nia njema kabisa. Fanya hatua ya kwanza siku ileile uliyosikia, hata ikiwa ndogo, hata ikiwa hujui hatua ya pili. Jirani wa kuombwa msamaha, mwombe. Fedha ya mtu, irudishe. Amka, fanya!

Nawe dada, usingoje kila mtoto awe na Biblia yake. Usiku huu, kabla hawajalala, wasomee Marko 1, aya chache tu, muombe, basi. Mdogo akisinzia, mwache asinzie. Kesho niandikie uniambie mlifika aya ya ngapi.