Najifunza kila siku, mbona sibaki na kitu?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni bodaboda hapa Moshi mjini, nina miaka 26. Napenda kujifunza jamani, nikikosa abiria nipo kwenye simu naangalia video, mara injini, mara sola, mara historia, mpaka washkaji wananiita profesa. Shida wiki ikiisha nimesahau karibu vyote. Je, namaliza bando bure?

JIBU: Marahaba mwanangu. Wala humalizi bure, na usiache. Kichwa chako kizima kabisa. Kuna Mjerumani, Hermann Ebbinghaus, alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo mwaka 1885, na saa moja tu ilitosha kumpotezea zaidi ya nusu. Ndo tulivyo. Kinachobaki ni kile unachokirudia, na mimi naongeza, kile ambacho mkono wako umekigusa.

Mimi mambo ya kahawa nimejifunza ukubwani. Nilishasoma kwamba ukishaimenya unaivundika mpaka utelezi uishe ndo unaosha, nikaandika kwenye daftari vizuri tu, ila sikuelewa mpaka alfajiri moja pale kihambani, shambani kwangu nyumbani, nimeingiza mkono kwenye ndoo, maji ya baridi hayo, nikachota punje nikasugua, zinateleza kama bamia. Nikaenda kukamua ng'ombe, nikakata na majani, nikarudi nikasugua tena, safari hii zikakwaruza kiganjani kama kokoto. Nikajua tayari. Daftari sijui hata liko wapi saivi, lakini ule mkwaruzo ninao.

Sasa wewe pikipiki unayo. Leo jioni injini ikishapoa kabisa fungua plagi, ile inayotoa cheche, uiangalie ncha yake. Ikiwa na rangi ya kahawia hivi, inachoma vizuri, ikiwa nyeusi ya masizi makavu ujue mafuta yanazidi hewa, anza na ea klina, lile chujio la hewa, maana vumbi letu la kiangazi unalijua mwenyewe. Halafu kesho kijiweni mweleze mwenzio, simu ikiwa mfukoni. Pale utakapoanza kusema "yaani ile… nanihii", hapo ndo hujaelewa, rudia kipande hicho tu cha video. Kitu kimoja kwa wiki kinatosha, sola isubiri zamu yake.

Ukishaifungua niandikie umekuta rangi gani.