Jicho Likiwa Jeupe Tena, Usiache Dawa

Jicho langu la kushoto lilianza kuuma Ijumaa. Kufika Jumapili sikuweza kutazama hata mwanga wa simu. Nikaenda duka la dawa, nikapewa matone ya macho mekundu, nikapoteza siku nne. Usifanye hivyo. Jicho jekundu linalouma na kuogopa mwanga ni la kupelekwa kwa daktari wa macho siku hiyohiyo.

Daktari aliniambia niegemeze kidevu kwenye darubini yake, akazima taa, akapitisha mwali mwembamba ndani ya jicho. Akaona chembe nyeupe za damu zikielea kwenye maji yaliyo nyuma ya konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, kama vumbi kwenye mwanga wa jua unaopenya dirishani. Akazihesabu! Katika eneo la mwanga la milimita 1 kwa 1, chembe 6 hadi 15 ni daraja la kwanza, zikizidi 50 ni la nne. Mimi nilikuwa la tatu. Kinga ya mwili wangu ilikuwa imelivamia jicho, na ugonjwa huo, uvimbe wa ndani ya jicho, huitwa yuveitisi.

Baada ya wiki mbili za matone ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, maumivu yaliisha na jicho likawa jeupe. Nilitaka kuacha dawa. Lakini kwenye darubini chembe bado zilikuwepo, na kipimo cha OCT, kinachopiga picha ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) tabaka kwa tabaka kwa mwanga bila kugusa jicho, kilionyesha vijishimo vyeusi vya maji katikati ya retina. Sikuwa nahisi chochote. Kwa hiyo dawa ipunguzwe na daktari, kidogo kidogo, kwa kile anachokiona ndani.

Siku ya vipimo nenda na mtu, maana matone ya kutanua mboni yatakufanya uone ukungu kwa saa kadhaa. Ukichomwa rangi ya fluoresini mkononi ili mishipa ya damu ya jicho inayovuja ionekane, mkojo utakuwa wa machungwa. Mimi niliogopa sana kwa kuwa sikuambiwa. Sema mapema kama una mzio au mimba. Ukubali pia kupimwa kifua kikuu na kaswende, kwani zote huweza kuleta yuveitisi.

Na omba nakala za picha zako. Nilipohamia hospitali nyingine, daktari mpya aliziweka mbili sambamba: vijishimo vilikuwa vimefunga, akanipunguzia matone palepale, kisha akanipima presha ya jicho, maana steroidi huweza kuipandisha.