Nameza propranolol kabla ya kila kikao, niongeze dozi?

SWALI: Dokta, nikitakiwa kuongea mbele za watu natetemeka, sauti inakata, uso unawaka moto. Rafiki alinipa propranolol, mwanzoni ilinisaidia sana ila sasa nameza hata kwenye kikao cha watu wanne. Niongeze au nihamie diazepam?

JIBU: Usiongeze, na diazepam (dawa ya kutuliza wasiwasi) usiiguse kwa hili. Maswali ya namna hii napata kila mara na yananiuma, maana mtu anakuja akiwa ameshapoteza miaka anahangaika na kutetemeka wakati shida yenyewe, hofu ya kijamii (social anxiety), haiko mkononi. Propranolol inaziba njia ya adrenalini tu, moyo unapunguza kasi, mkono unatulia, basi. Ile imani kwamba watu wakiona unatetemeka watakudharau iko palepale, na kikao kikiisha salama sifa zote zinaenda kwa kidonge, kwa hiyo kesho unakihitaji tena na keshokutwa hata kwa watu wanne.

Na siyo vidonge tu. Kukariri sentensi kichwani kabla ya kuisema, kushika kikombe kwa mikono miwili, kukaa karibu na mlango, kuangalia chini ili usiulizwe, zote hizo kazi yake ni moja na kidonge. Wanasaikolojia David Clark na Adrian Wells waliueleza mzunguko huu mwaka 1995, na tiba ya fikra na tabia (CBT) inaukata hivi: unaongea na mtu usiyemjua dakika chache huku umejikinga kwa mbinu zako zote na kujichunguza, halafu unarudia bila mbinu hata moja, macho na akili kwa yule unayeongea naye. Wengi wanashangaa, mara ya pili ndiyo inaenda vizuri. Kisha unaangalia video uliyorekodiwa ukiongea, unakuta ule mtetemeko uliokuwa unausikia kama tetemeko la ardhi hauonekani, au unaonekana kidogo na hakuna aliyejali.

Mwongozo wa 2013 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unaweka tiba hii mbele, vikao hadi 14 vya dakika 90 kwa miezi kama 4. Asiyeitaka au asiyeipata anaweza kupewa na daktari sertraline au escitalopram (dawa za sonona zinazotumika pia kwa hofu hii), na hizo zinachukua wiki kadhaa, siyo za kumeza asubuhi ya kikao.

Sasa hawa wanaouza kozi ya kujiamini kwa siku 3, na mafuta, na vidonge vya "kutuliza neva" visivyo hata na jina kwenye pakiti, jamani, waulizeni wanatibu nini hasa! Wanakwambia ujiamini kwanza ndiyo uende mbele za watu, wakati ni kinyume kabisa, unaenda ukiwa na hofu yako na kujiamini kunakuja nyuma. Pombe nayo kazi yake ni moja na kidonge.

Mwenye pumu propranolol inaweza kumbana kifua vibaya, asipokee ya rafiki hata moja. Na kama kuna anayesoma hapa ambaye amekuwa akimeza diazepam kila siku kwa miezi, asikate ghafla, anaweza kupata degedege, aende kwa daktari apunguziwe kidogo kidogo.