Je, Programu Iamue Nani Akopeshwe?

SWALI

Ndugu Mhariri,

Mimi ni katibu wa kikoba mkoani Morogoro, na wengi wa wanachama wetu ni wakulima wa mpunga na mama lishe. Kijana mmoja katika kamati yetu ya mikopo ameanza kuingiza majina, namba za simu na marejesho ya wanachama kwenye programu ya bure ya akili mnemba, kisha anaiuliza nani anafaa kukopeshwa. Anasema kwamba kwa njia hiyo tutaepuka upendeleo, na kwa kweli malalamiko ya upendeleo yapo. Je, tunakosea? Na kama tunakosea, tufanye nini kuhusu taarifa zilizokwisha kuingizwa?

Katibu, Morogoro

JIBU

Ndugu Katibu,

Nia ya kijana wenu ni njema, kwa kuwa upendeleo katika kamati ya mikopo huua kikoba hata kabla fedha hazijaisha. Lakini njia aliyoichagua haiondoi upendeleo huo, bali inauficha mahali ambapo mwanachama hawezi kuuona wala kuuhoji.

Programu za aina hiyo zimefunzwa kwa maandishi mengi mno, na hujibu kwa kukadiria neno gani linaelekea kufuata lingine, ndiyo maana zinaweza kutoa jibu fasaha hata pale ambapo hazina msingi wa kulitoa, na swali lile lile likirudiwa huenda likapata jibu tofauti. Katika daftari lenu programu itaona kwamba mkulima fulani alichelewesha marejesho, lakini haitajua kwamba alikopa wakati wa kupanda na mpunga wake ulikuwa bado shambani, wala kwamba mama aliyeacha kulipa kwa muda alikuwa akiuguza. Tena, kama kamati zilizopita ziliwapendelea watu fulani, daftari lenyewe limeubeba upendeleo huo: waliokopeshwa mara nyingi wana historia ndefu ya kulipa, na walionyimwa hawana historia yoyote ya kuwatetea.

Jambo hili limekwisha kuumiza watu katika nchi yenye wataalamu na fedha. Nchini Uholanzi, mamlaka ya kodi ilianza mwaka 2013 kutumia mfumo wa kompyuta uliopima ni ombi lipi la ruzuku ya malezi ya watoto lingeweza kuwa na udanganyifu, na uraia wa mwombaji ukawa miongoni mwa vigezo. Maofisa waliopaswa kuyakagua maombi hayo waliletewa alama ya hatari bila kuelezwa sababu yake. Katika kashfa pana ya ruzuku hizo, maelfu ya wazazi walituhumiwa bila haki, wengi wakadaiwa kurudisha makumi ya maelfu ya euro, na serikali ya waziri mkuu wa wakati huo, Mark Rutte, ikajiuzulu Januari 2021. Ninayemfikiria zaidi katika kisa hicho ni yule ofisa, ambaye alikuwepo na alikuwa na mamlaka ya kukagua, lakini hakuwa na la kumjibu mzazi aliyeuliza kosa lake ni nini.

Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba kamati itaipitia orodha ya programu kisha iipitishe. Anayenyimwa mkopo lazima awe na mtu wa kumwuliza sababu, na mtu huyo aweze kuieleza kwa vigezo ambavyo wanachama wenyewe walivikubali. Hapa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mhusika haki ya kutaka uamuzi unaomgusa kwa kiasi kikubwa usitegemee mashine peke yake.

Dawa ya upendeleo mnayo wenyewe. Andikeni katika katiba ya kikundi uzito wa hisa, marejesho na wadhamini, na mjumbe yeyote atoke kikaoni ombi la ndugu yake linapojadiliwa. Hapo programu inaweza kuwasaidia kwa kazi nyingine, kama kuandaa rasimu ya katiba hiyo, kutunga ujumbe wa kukumbusha marejesho, au kueleza namna ya kupanga hesabu kwenye kompyuta, ilimradi hakuna jina la mwanachama linaloingizwa na mweka hazina anahakiki kila hesabu.

Kuhusu yaliyokwisha kuingizwa, kijana ayafute mazungumzo hayo na aizime ruhusa ya kutumia maandishi yenu kufunzia programu, kama mpangilio huo upo. Ajue hata hivyo kwamba kufuta kwenye simu hakuhakikishi kwamba taarifa hizo zimefutika pia katika kampuni inayoiendesha programu. Kisha wanachama waelezwe katika kikao kijacho ni taarifa gani zilitoka, bila kumdhalilisha kijana, na maombi yaliyokataliwa kwa ushauri wa programu yasikilizwe upya, kila mwombaji akiwepo kujieleza.