Unasoma PhD hapa visiwani? Kalenda ya propozo isikudanganye

Meseji nyingi mnazoniletea zinauliza mambo yaleyale, nitumie programu gani kuchambua data, chapta ya pili iwe kurasa ngapi, nianze na nadharia au nianze na tatizo. Ni maswali mazuri na yana majibu yake. Lakini mie nimesoma PhD huku nafundisha hapahapa Unguja, nikiwa na watoto, na mkwe, na harusi zisokwisha, na niwaambieni ukweli sijamuona mtu alokwama kwa sababu ya programu. Wenzangu niliowaona wamekwama miaka, wengi wamekwama kwa kalenda.

Ile jaduweli tunayoiweka mwisho wa propozo mnaijua, miezi juu, kazi pembeni, mwezi wa saba mpaka wa tisa kukusanya data, wa kumi uchambuzi, inapendeza kwenye karatasi na kamati inaipitisha bila ya neno. Sasa aloipanga kaipanga kama vile Pemba hamna karafuu, maji hayajai wala hayapwi, na Ramadhani haipo kabisa. Halafu mtu anafika mwaka wa tatu anajiona mvivu, anajilaumu, kumbe tangu mwanzo kajipa miezi ambayo haikuwa yake.

Chukua mwani, maana wengi wetu wa mambo ya maendeleo na mazingira tunaishia Paje, Bwejuu na Jambiani kuwauliza kina mama wa mwani (wameshatuchoka, na wana haki). Kina mama wale wanaingia shambani wakati wa bamvua, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, maji ndio yanapokupwa sana, na yanakupwa asubuhi kiasi cha saa nne. Wewe unatoka mjini na dodoso lako la maswali sitini unafika saa tatu, kijijini wamebaki wazee na watoto wadogo. Ukimfuata mtu baharini atakujibu, watu wa kwetu wana adabu, lakini kainama, maji magotini, mkono unakata mwani na jicho linaangalia maji yasije yakamjalia, atakwambia lolote ili uondoke. Nenda maji mafu, siku za katikati ambazo maji hayapwi sana. Maji mafu yuko nyumbani au chini ya mti anafunga mbegu kwenye kamba kwa ajili ya bamvua lijalo, na hapo ana masaa. Bibi mmoja wa Jambiani alinitupia fungu la vikamba mapajani, funga na wewe, basi tukafunga, dodoso likabaki mkobani mpaka adhuhuri, na maneno aloyasema pale kuhusu kwa nini kaiacha kotonii wakati bei yake ni nzuri kuliko spinosamu (ndio aina mbili za mwani wanazolima), jinsi maji yalivyokuwa yakipata moto inalainika na kukatika mikononi, ndio yaliyobeba chapta yangu ya matokeo.

Na hapohapo angalia maswali yenyewe. "Kipato chako kwa mwezi ni shilingi ngapi?" Mwani unavunwa baada ya wiki nne mpaka sita, unaanikwa, unauzwa kwa kilo siku anayokuja mnunuzi, huyo mama hana kipato cha mwezi, ana kipato cha mauzo. Ukimlazimisha atakupa nambari, na wewe utaipeleka kwenye kompyuta utatoa wastani, na mtahini wa nje akikuuliza imetoka wapi huna la kumwambia. Muulize mara ya mwisho uliuza kilo ngapi na kilo ilikuwa kwa bei gani, hilo analikumbuka vizuri sana.

Pemba ukenda wakati wa karafuu usitegemee kumpata mtu mchana. Baba yuko juu ya mti, watoto wako chini wanaokota mpeta, zile karafuu zilizodondoka, na walimu wa skuli wanalijua hilo vizuri. Ila usikimbie. Usiku familia inakaa inachambua, karafuu huku makonyo kule, mazungumzo yanakwenda mpaka usingizi uwashinde, na ukikaa nao ukachambua utasikia ya bei, ya deni, ya mti wa urithi uliogombaniwa na ndugu, mambo ambayo mchana na kalamu mkononi huambiwi ng'o. Sharti ukae kweli, usishike simu.

Kama utafiti wako una dodoso la nyumba kwa nyumba basi uutoe kwenye mwaka wa uchaguzi, yaani miezi ya kuelekea Oktoba kama ilivyokuwa 2020 na 2025. Hata uwe unauliza habari za vyoo, utaulizwa umetumwa na nani. Na mwaka wowote ule unapofika shehia yoyote anza kwa sheha, kiongozi wa hiyo shehia, na barua yako ya kibali, hata kama umezaliwa hapo na sheha ni mjomba wako, tena mjomba ndio atakayeona vibaya zaidi ukimruka. Chukua nakala nyingi maana kila pahala wanabakisha moja. Wa mambo ya afya mna hatua ya ziada ya kamati ya maadili ya Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar, anzeni mapema, msingoje mpaka chuo kikupeni baraka zote ndio mukumbuke.

Sasa tuje kwenye Ramadhani, maana huu ndio mwezi watu wanaoufuta kwenye hesabu halafu wanalalamika. Inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo katika PhD ya miaka minne itasogea kiasi cha mwezi mzima na unaweza kuijua leo itaangukia wapi. Kazi ya kuhoji watu hapo isahau, ofisini wanatoka mapema na alasiri kila mtu akili yake ipo kwenye futari. Lakini baada ya daku na sala ya alfajiri, nyumba imerudi kulala, simu kimya, hata jirani mwenye redio kanyamaza, hakuna saa nzuri ya kuandika kuliko hiyo. Mie mahojiano yangu nimeyanakili kutoka kwenye rikoda karibu yote Ramadhani, kazi ya kusikiliza na kuandika haitaki nguvu ya mwili inataka utulivu.

Kinachokula watu ni mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Harusi zote zilizongoja zinafunguka, na kwa sisi wanawake hakuna mtu anayekwambia njoo ule uondoke, unatakiwa uje siku mbili kabla kumenya vitunguu, ukae kwenye singo ya kumsugua bibi harusi, uende na kurudi. Mwanamme anayesoma PhD anafika, anasikiliza khutba ya ndoa, anakula pilau au biriani yake, anarudi kwenye laptopu na anasifiwa kwamba kaja juu ya kazi zake nyingi! Mwanamke akifanya hivyohivyo anaambiwa kusoma kumemharibu. Sina dawa ya hili, ila ntakwambieni nilivyofanya, mchango natoa mapema na natoa wa kutosha, hata kabla kadi haijafika, halafu nachagua kitu kimoja nakuwepo mwanzo mpaka mwisho, sirushirushi kote. Msiba hauna hesabu hiyo, msiba unakwenda. Na mueleze mtu mmoja mzito wa familia unachokifanya kwa maneno yake, mimi alikuwa mama mkwe, nilimwambia bi mkubwa hii ndio inayonitoa kwenye uhadhiri msaidizi kuwa mhadhiri kamili na mshahara unabadilika, basi toka siku hiyo yeye ndio alokuwa akiwajibu watu. "Muacheni, ana mitihani yake." Mitihani hamna, lakini nani atamsahihisha.

Wale wanaofundisha huku wanasoma, msijipe ahadi ya kuandika kipindi cha kusahihisha, mkiwa na darasa la wanafunzi mia mbili na karatasi zinatakiwa wiki mbili hiyo tasnifu haitosogea, ifungeni kwa amani. Nilichokuwa nafanya ni kuacha sentensi ya mwisho nusu, na chini yake naandika kwa Kiswahili cha kawaida kabisa kesho unataka kusema nini, nikirudi baada ya wiki tatu sianzi kutafuta nilikuwa wapi. Na data zenu zichambueni kwa lugha waliyosemea watu, Kipemba kibaki Kipemba, mtafsiri yale tu mtakayoyanukuu. Ukitafsiri yote kwanza utapoteza miezi na utapoteza na utamu. Nakala za kazi ziwekeni mtandaoni na pahala pengine pa pili, hewa yetu ya chumvi haina huruma na fleshi.

Msimamizi. Wengi wetu wasimamizi wetu wako Dar es Salaam au nje kabisa, na tumelelewa kwamba mwalimu hasumbuliwi, kwa hiyo unamtumia chapta, unangoja, mwezi, miezi miwili, unaona haya kumkumbusha, yeye anajua upo unaendelea na wewe unajua kakasirika. Hajakasirika. Imeili yako iko chini ya nyengine mia tatu. Kinachomshinda mara nyingi ni kwamba umemtumia kurasa hamsini na neno "naomba maoni", hajui aanzie wapi. Mpe swali moja na tarehe. Mie nilikuwa naandika hivi: "Assalaam alaykum Mwalimu, natumai hujambo na familia. Chapta ya 3 nilikutumia tarehe 4. Naomba maoni yako kwenye jambo moja tu, ukurasa wa 12, nibaki na watu 30 au niongeze. Nisipopata jibu mpaka Ijumaa ya wiki ijayo ntaendelea na 30, halafu tutazungumza ukipata nafasi." Hamna utovu wa adabu hapo, na jibu lilikuwa likija Alhamisi usiku, mstari mmoja, endelea. Na kila mkizungumza kwa simu muandikie baadae mlichokubaliana, maana baada ya mwaka atasahau yeye na utasahau wewe, na akija kuhama chuo mwengine akakurithi utakuwa na kitu cha kumuonesha.

La mwisho ni la wale wanaokaribia kumaliza na walomaliza juzi. Ukishakuwa na jina kwenye mkutano mmoja tu zitaanza kukufikia imeili, "Profesa Mheshimiwa" wakati hata utetezi hujafanya, makala yako itachapishwa ndani ya siku tano, lipa dola kadhaa. Usilipe. Mkutubi mmoja wa Marekani, Jeffrey Beall wa Colorado, alikuwa na orodha maarufu ya majarida ya namna hiyo, akaiondoa mtandaoni Januari 2017, nakala zake zinazunguka bado ila ni za zamani, usizitegemee peke yake. Angalia kama jarida limo kwenye DOAJ, orodha ya mtandaoni ya majarida yanayosomwa bure, angalia AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika, kisha fungua makala zake mbili tatu usome mwenyewe, na muulize mtu wa kamati ya kupandisha vyeo chuoni kwenu wanalihesabu au hawalihesabu, maana cheo chako ndio kinachotegemea hapo. Na majarida mazuri yanayotoza pesa mengi yana msamaha wa ada kwa waandishi wa nchi maskini, ila tangu Benki ya Dunia ituhamishe Tanzania mwaka 2020 kuingia kundi la kipato cha kati cha chini, baadhi ya wachapishaji siku hizi wanapunguza tu, hawasamehi yote. Waandikie uwaulize kabla hujatuma makala, na kama kwenye fomu ya kutuma makala kuna pahala pa kuomba basi omba hapohapo, ukingoja mpaka ikubaliwe wengi wanakwambia umeshachelewa.