Mwamba kuonekana hakutoshi kuamua pa kujenga lambo

Ndugu, unauliza kama korongo la kijijini kwenu, jembamba na lenye mwamba pande zote mbili, linafaa lambo bila kuchimba mashimo ya majaribio. Hapana, chimbeni.

Mwamba unaweza kuwa mgumu na bado ukavuja. Bwawa la Teton, Idaho, Marekani, lilijengwa juu ya miamba ya volkano iliyojaa nyufa. Tarehe 5 Juni 1976, likiwa linajazwa kwa mara ya kwanza, maji yalipenya yakala udongo wa tuta, na kufikia saa sita mchana lilikuwa limepasuka. Kwa hiyo kagueni nyufa zinaelekea wapi na zimejaa nini. Mkikuta mawe ya chokaa yenye mapango, mimi ningehama bila mjadala.

Mashimo yachimbwe kwenye mstari wa tuta na pia pale maji yatakapotuama (hili la pili watu hulisahau). Yajazeni maji, mpime yanavyoshuka. Udongo wa mfinyanzi wa kujengea tuta nao upimwe: tumbukiza kipande kwenye glasi ya maji safi. Maji yakichafuka kama maziwa bila kukorogwa, udongo huo si wa kuaminiwa.

Msisahau miteremko iliyo juu ya bwawa. Kule Vajont, Italia, ukuta wa bwawa ulibaki umesimama. Mlima ndio ulioporomokea majini usiku wa 9 Oktoba 1963, wimbi likaua watu karibu 2,000.

Mtaalamu wa jiolojia aje kabla hamjalipia tingatinga.