Jibu: Skrini kujibonyeza simu ikiwa kwenye chaji

Ndugu, umesema skrini inajibonyeza yenyewe ukichomeka chaja, ukichomoa inatulia. Tafadhali usimlipe fundi abadilishe kioo kabla hujapima chaja.

Skrini huhisi kidole kwa badiliko dogo mno la uwezo wa kutunza chaji ya umeme, mara nyingi chini ya pikofaradi 1 (kipimo cha uwezo huo). Chaja nayo ndani hukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Ikiwa vichujio vyake (sehemu za kusafisha umeme huo) ni duni, volti ya simu nzima hupanda na kushuka ikilinganishwa na ardhi, na mtikisiko huo wa umeme, yaani kelele, hupita pale pale kidole kinapogusa. Washa alama za mguso kwenye mipangilio ya wasanidi programu (Developer options) uone: miguso ya uongo mara nyingi hujipanga mstari mmoja na kidole chako.

Sasa chaji kwa pawabenki, waya ule ule. Ikitulia, nunua chaja nzuri. Kile kidude cheusi cha feraiti kinachobanwa kwenye waya sikushauri, hupunguza zaidi kelele za masafa (kasi ya mtikisiko) ya juu kuliko hii ya chaja. Isipotulia, jaribu waya mwingine, ndipo umwone fundi.